Nimemrithi Mchumba Wangu, Nao Wanacheka

Mpendwa Bi Lydia,

Naomba msaada, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu kicheko ndicho kilichoniponza. Kuna kicheko kimoja hakijanitoka masikioni tangu Jumapili ya mwisho ya mwezi uliopita: kilianza kama pampu ya kisima inayovutwa ikiwa kavu, kwiko, kwiko, kwiko, hewa tupu, halafu maji yakaja yote kwa pamoja, na mzee wa miaka themanini na moja akashika mwimo wa mlango ili asianguke. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba baba yake mzazi alikuwa mali yetu.

Nina miaka ishirini na saba, nafanya kazi masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, napokea mafaili, nayapa namba, nayatafuta yakipotea, na kazi hii naipenda kuliko watu wanavyoona ni kawaida. Kwetu ni Kondoa. Ukoo wetu unatokana na Msellem bin Khalefu, aliyekuja na misafara ya pembe kutoka pwani, akajenga nyumba yenye mlango wa kuchonga na asirudi tena, na hilo hatulifichi, tunalitaja kila harusi na kila msiba mpaka wageni wanaangalia saa. Hadithi tuliyolelewa nayo ni kwamba Msellem alipofariki alimwachia binti yake Salme, mama mzazi wa babu yangu, feruzi na zafarani. Feruzi, lile jiwe la buluu linalotiwa kwenye pete, na zafarani, ile inayotiwa kwenye wali wa wakubwa. Mali hiyo haijaonekana mpaka leo, na imetuharibia watu. Mdogo wake babu alichimba mashimo matatu uani akiitafuta, na la tatu lilipofika futi kumi na mbili bila kitu wakaona heri waligeuze choo. Shangazi Raya, dada mkubwa wa baba yangu, hajasemezana na binamu yake kwa miaka kumi na tisa kwa sababu binamu huyo aliezeka nyumba yake kwa bati la buluu.

Ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na wetu, wanaishi watani wetu. Utani huu si wa kabila na kabila, ni wa nyumba mbili tu, na hakuna aliyewahi kutuambia ulianzia wapi. Sisi tukiwaona tunasema watumwa wetu hao wanapita, na wao wanajibu kwamba wamekuja kukagua punda wao kama wamelishwa, na punda ni sisi. Harusi zetu wanaficha masufuria mpaka yagombolewe. Misiba yetu wao ndio wanaoshuka kaburini wakalala humo, wakasema marehemu hazikwi mpaka waletewe jogoo. Wao ni Wakatoliki, sisi ni Waislamu, na hilo halijawahi kuzuia jogoo. Jina la ukoo wao ni Feruzi.

Naona umeshaelewa, Bi Lydia. Sisi ilituchukua miaka mia moja na ishirini.

Si kwamba hatukuliona jina. Shangazi Raya alikuwa na maelezo yake, kwamba wale waliiba feruzi yetu na kwa kiburi wakajiita jina lake, na maelezo hayo yalitosha. Basi mwaka jana wazee wa ukoo wakaketi wakaamua kwamba mimi, kwa kuwa nimesomea nyaraka, niitafute feruzi kwa njia za kisasa. Nikaanza na wasia wa Bibi Salme, wa mwaka 1951, ulioandikwa na karani fulani kwa niaba yake, ambao Shangazi anautunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kuna mstari mmoja humo ambao kila mtu kwetu anaujua kwa moyo: "Feruzi alikaa kwangu, ametoka, asidaiwe, asitafutwe." Ukoo mzima ulielewa kwamba johari ilikuwepo, imetoka, isitafutwe, na kwa hiyo wakaitafuta. Nilipouliza kwa nini haikuandikwa ilikaa, imetoka, isidaiwe, Shangazi akasema karani alikuwa mtu wa bara, ngeli zilimshinda. Lakini mimi nilikaa na karatasi ile wiki nzima. Karani anayekosea ngeli mara moja ni mzembe. Anayeikosea mara nne katika mstari mmoja hajakosea.

Nikachukua likizo, nikaenda kutafuta wasia wa Msellem mwenyewe, na nikaukuta mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kwenda, kwenye jalada la kesi ya mpaka wa shamba ya mwaka 1931, umebanwa kwa pini iliyooza, kwa sababu baada ya kesi kwisha hakuna aliyerudi kuudai. Karani wa masijala ya mahakama alifurahi kuupunguza, akanipa nisaini. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wa mwaka 1322 wa Hijra, kama 1904 hivi, na nashukuru madrasa kwa kunichapa. Anasema hivi: "Namwachia binti yangu Salme sufuria mbili za shaba, na punda wawili waliokatwa masikio, na bunduki iliyovunjika kitako, na mjakazi wangu Zafarani na mwanawe Feruzi, na kitakachozaliwa nao, ni vyake yeye na watakaozaliwa naye." Kisha wanafuata watu saba wengine, wamegawiwa wanawe wa kiume, kila mmoja na jina lake moja, hakuna binti wala bin. Jumla watu tisa.

Mwanawe. Nilikaa juu ya neno hilo mpaka ofisi ikafungwa. Johari haina mama.

Niliporudi nikamweleza Shangazi Raya kwanza. Akalia. Nikamkumbatia nikilia naye, nikafikiri kwamba hatimaye mtu wa ukoo wetu anamlilia Zafarani, kumbe alikuwa analilia zafarani. Alipotulia akauliza kwamba kama ndivyo hivyo, ile mahari wanayotuletea akina Feruzi si ni sisi tunajilipa wenyewe?

Maana sijakwambia lililo kubwa. Mchumba wangu anaitwa Methodi Feruzi. Ni mjukuu wa Babu Augustino Feruzi, mzee yule wa kicheko, na Babu Augustino ni mtoto wa Feruzi aliyetajwa kwenye wasia, mtoto wa kumzaa. Methodi ni dalali wa mahindi soko la Kibaigwa, anaongea kwa kasi ambayo mimi siwezi hata kusoma, na nimempenda tangu anifichie kiatu kwenye msiba wa babu yangu. Suala la dini lilituchukua miezi saba, vikao kumi na kimoja, na likaisha vizuri: tunafunga ndoa bomani, kila mtu anabaki na dini yake, suala la watoto limeahirishwa. Kwa dini walitupa miezi saba. Kwa hili mimi siwezi kupata dakika tano. Mimi ni katika "watakaozaliwa naye," na Methodi ndiye "kitakachozaliwa nao," na harusi ni baada ya wiki tatu.

Nilimwambia Methodi kwa utaratibu, tumeketi, nimemshika mkono. Nikasema kwamba bibi yake mkuu alikuwa mtumwa wetu kweli. Akaniangalia kwa makini, akasimama, akapiga saluti, akauliza kama bei ya gunia akiikosea nitamchapa au nitamuuza. Tangu siku hiyo ujumbe wake unaanza na "Shikamoo mwenye mali."

Nikaona kosa langu ni kwenda mikono mitupu. Nikapiga nakala ya wasia, nikaandika chini yake kwa herufi tunazosoma wote, nikaipeleka kwa wakili akaigonga muhuri wa nakala halisi, nikapanda basi Jumapili asubuhi kwenda Kondoa. Babu Augustino alikuwa mlangoni. Nikamwamkia, naye akaitika kama anavyoitika siku zote: marahaba mjakazi wangu, nani amekufungulia leo. Nikamwambia, Babu, leo sikuja kwa utani, nikamsomea yote, mpaka neno la mwisho, mpaka muhuri.

Ndipo kikaja kicheko kile.

Akawaita wote. Mama yake Methodi akaja na unga mikononi, wajomba wakaja, majirani wasiohusika wakaja, nikaambiwa nisome tena kwa sauti. Nikasoma. Mjomba mmoja akasema tangu azaliwe hajaona mtani aliyejituma hivi, watu wengine wanatania kwa mdomo, huyu mkwe wetu ametania mpaka kwa wakili. Nikalia, Bi Lydia, nikalia kwa kwikwi, nao wakapiga makofi. Nakala yangu wakaibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia.

Kwa kuwa utani haukai bila jibu, wiki iliyofuata wakaja Dodoma, watu sita, kwa baba yangu, na wasia wao. Ni karatasi ya manila waliyoichovya kwenye chai ikakauka juani, imechomwa pembeni kwa kiberiti, imegongwa muhuri wa kwaya. Humo marehemu Feruzi anawaachia wanawe "punda mmoja aitwaye Msellem bin Khalefu, mkaidi, na vizazi vyake, pamoja na kile kidogo chenye miwani kinachosoma sana." Kidogo chenye miwani ni mimi. Baba yangu alicheka mpaka akapaliwa. Wakamchukulia viatu vyote viwili, akatoa jogoo.

Sasa kamati ya harusi, iliyokuwa imekwama kwenye burudani, imeamua kwamba ukumbini MC asome wasia zote mbili, wetu kwanza, wao baadaye, kwa kupokezana mstari kwa mstari, na keki ikatwe katikati. Marafiki wa Methodi wameshachapisha fulana zilizoandikwa MALI YA SABRINA, na Sabrina ni mimi. Ratiba imepigwa chapa. Majina tisa ya watu, Bi Lydia, watu waliogawiwa baina ya sufuria na bunduki mbovu, yatasomwa na mwanamume mwenye suti ya kumetameta, na watu mia tatu watapiga meza.

Nikinyamaza, nitakuwa nimeolewa juu ya uongo. Nikisema, wanacheka. Nimejaribu kusema bila kupepesa macho, wakasema najua kuigiza. Nimemwambia baba azungumze nao kama mtu mzima, akasema nisiwaharibie watu utani wao. Shangazi Raya anataka karatasi ichomwe kabla wale hawajaenda kudai fidia, halafu muda huohuo anataka mashimo yachimbwe tena kwa sababu, anasema, huenda kulikuwa na feruzi mbili. Nimewaza kumwandikia Methodi hati ya uhuru, niisaini mimi kama mrithi, nimkabidhi siku moja kabla ya ndoa, ili angalau niwe nimetenda jambo moja lililo sahihi. Nimeshaandika rasimu. Nimewaza pia kuvunja uchumba. Na kuna saa najiuliza kama kweli nataka wao wajue, au nataka wanione nikiwa ninaumia, na swali hilo ndilo linalonitesa kuliko mengine, maana silijibu.

Nifanye nini ili waniamini?

Mrithi Asiyetaka, Dodoma

*

Bi Lydia anajibu:

Binti, pole. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na nimecheka mara mbili tu, mara ya bati na mara ya punda mwenye miwani. Sasa vua hiyo miwani uifute, maana kuna kitu kimekukalia puani hukioni.

Umesema mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba Mzee Augustino ni mtoto wa Feruzi wa kumzaa. Feruzi huyo ndiye aliyemlea, akamtuma maji, akamfundisha kazi, akamzikia mama yake. Wewe ulipanda basi kutoka Dodoma kwenda kumpa mzee wa miaka themanini na moja habari za baba yake. Ukazigonga na muhuri. Hivi ulipokuwa unasoma ile karatasi hukujiuliza hata mara moja kwamba pale mlangoni wewe ndiwe mgeni wa habari hiyo?

Wanajua. Walijua kabla mdogo wake babu yako hajashika jembe. Waliwatazama mkichimba mashimo kumtafuta Feruzi, naye Feruzi anaishi ng'ambo ya njia, pengine amekaa kibarazani anawaangalia mnavyotoa jasho. Kama ningekuwa mimi ningekufa kwa kucheka, na ninashangaa wao wamedumu.

Na huo utani ambao hamjui ulianzia wapi, unadhani waliuokota sokoni? Mtu aliyeandikwa kwenye karatasi pamoja na sufuria, akasimama mchana kweupe mbele za watu akamwita mwenye sufuria punda wake, na mwenye sufuria akalazimika kucheka na kutoa jogoo juu yake, huyo hakuwa anacheza. Alitafuta namna ya kuishi mlango kwa mlango na nyinyi bila kuwaua na bila kuhama. Akaipata. Wanawe wakaishika. Kwenu mkasahau ilikuwa nini, kwa sababu kusahau hakukuwapunguzia kitu mezani. Halafu wewe, kwa moyo mzuri, nakubali ni mzuri, unataka kuwanyang'anya hata hiyo, waketi wanune kwa ratiba yako.

Umeuliza swali la kweli pale mwishoni ukaliacha, basi nikujibu mimi. Ulitaka walie ili wewe upate wa kumfariji. Hawakulia, ukaona wamekukosea. Mwenye kosa hachagui uso wa aliyekosewa, mwanangu. Lakini kwamba ulijiuliza, hilo ni lako na usiliache. Wengi wa rika lako na la shangazi yako hawafiki hata hapo.

Sasa sikiliza, maana wiki tatu si nyingi.

Ile hati ya uhuru ichane leo. Ukimpa mtu uhuru umemwambia kwamba mpaka jana ulikuwa nao. Methodi akiwa na akili atacheka, na akiwa na akili zaidi hatacheka, na hapo utajuta.

Panda basi urudi Kondoa peke yako. Usibebe nakala, usibebe muhuri, usibebe machozi. Beba ule wasia wenyewe, wa pini iliyooza, ndani ya bahasha. Msalimie mzee, akikuita mjakazi wake itika, tena itika vizuri. Kisha usimwambie kitu. Umeshasema vya kutosha kwa ukoo mzima. Muulize. Muulize bibi yake Zafarani amezikwa wapi. Katika barua yako ndefu yote nimetafuta mahali ulipowauliza hao watu swali lolote, sijapaona. Akikujibu, sikiliza. Akikwambia si kazi yako, sema asante Babu, unywe chai, urudi mjini.

Bahasha mwachie. Wewe ni mtu wa masijala, unajua jalada likipatikana linarudi kwa mwenye nalo. Majina yale ni ya kwao. Shangazi yako akisema watadai fidia, mwambie wakidai mtakaa mwongee kama watu wazima, na kwamba mpaka sasa waliodai kitu ni nyinyi, miaka mia, na mlikuwa mnadai binadamu.

Habari ya MC usiipeleke kwenye kamati. Kamati ya harusi haijawahi kusikiliza hoja tangu kamati zianze. Mwulize mzee anataka kisomwe nini na nani. Atakalosema ndilo, hata kama litakuchoma.

Na Methodi mwulize naye, bila kumshika mkono kama mgonjwa, kwamba nyumbani kwao aliambiwa nini alipokuwa mdogo. Mwanamume anayeanza kila ujumbe na "Shikamoo mwenye mali" ana jambo analolijua. Ukiona bado unataka kuvunja uchumba baada ya kusikia jibu lake, vunja. Lakini usiuvunje kwa sababu ya karatasi ambayo yeye ameishi nayo maisha yake yote na wewe umeiona juzi tu.

Shangazi Raya mpeni kazi ya kusimamia sare. Mtu wa aina yake akikosa kitambaa cha kupima huanza kuchimba.

Nenda.

*

Barua fupi iliyotufikia baadaye:

Bi Lydia,

Sikuandika kuomba tena. Naona ni haki nikujulishe.

Nilikwenda. Babu Augustino alikuwa anapukuchua mahindi, nikaketi nikapukuchua naye, na ilinichukua karibu debe zima kabla sijapata sauti. Nilipomuuliza bibi yake amezikwa wapi, mikono yake ikasimama. Hakusema utani. Akaniambia nivae ndala, akanipeleka upande wa chemchemi kwenye shamba la karanga, penye mawe mawili ambayo nimeyapita tangu utoto nikidhani ni ya kunolea. Akasema, "Wewe ni wa kwanza kwenu kuuliza."

Kisha akawataja. Nilikuwa najua ni tisa, yeye akataja kumi na mmoja, bila karatasi. Nikamwambia wasia unasema tisa. Akasema wawili walikuwa wananyonya, hawakuhesabiwa. Na akaniambia kwamba Zafarani si jina lake, ni jina alilopewa kwetu, mwenyewe alikuja na lake, akanitajia. Akasema nisiliandike mahali popote. Mimi kazi yangu ni kuandika, nawe unajua, lakini hilo sikuliandika, na hapa siliandiki.

Methodi nilimuuliza. Akasema aliambiwa akiwa na miaka saba, na kwamba aliambiwa pia asiwaambie akina Msellem, kwa sababu wangeona haya na kuhama, na watani wazuri hawapatikani. Siku ile nilipomwambia aliogopa kwamba nimekuja kumwacha, na saluti ndiyo iliyomjia. Tulikaa sana baada ya hapo. Siwezi kusema yamekwisha. Ujumbe wake siku hizi unaanza na jina langu, ingawa mara mojamoja ananiita chenye miwani.

Wasia uko kwa Babu. Kuhusu MC, amesema wa kwao usomwe wote, na wa kwetu usisomwe, maana haukuandikwa kuchekesha watu. Kamati imekasirika, ratiba inachapwa upya. Fulana wamekataa kuziacha. Shangazi Raya amechukua sare, ameshagombana na mafundi wawili.

Jana tulikwenda bomani kukamilisha karatasi. Pana sehemu ya shahidi wa bibi harusi, na chini yake panaulizwa uhusiano wake na wewe. Baba alidhani nitamweka yeye. Nilimweka Augustino Feruzi, na penye uhusiano nikaandika "mtani." Karani akasema hilo si uhusiano unaotambulika, niandike jirani, au babu mkwe mtarajiwa, au niache wazi, yeye atauliza wakubwa wake. Nikamwambia aulize. Mimi nilikuwa nimekwisha saini, na Babu alikuwa amekwisha kuweka dole gumba lake.